Nusu ya Kwanza ya Habari

Maziwa ya ngamia hayanuki ngamia, yananuka moshi. Ni moshi wa kijiti kilichochomwa makusudi ndani ya chombo kabla maziwa hayajatiwa, ili yavumilie safari, na ukishauzoea ukiwa mtoto, maziwa mengine yote utayaona yamepungukiwa na kitu. Juzi nilisimama mlangoni mwa duka moja Eastleigh, simu mkononi, nikitaka kumpigia mama yangu, muuzaji akafungua mtungi wa manjano anijazie chupa. Moshi ukanifikia kabla ya maziwa. Nikasahau nilichotaka kusema. Mkono ulikuwa wa mtu mzima mwenye mkoba na funguo za nyumba ya kupanga, lakini pua ilikuwa ya msichana wa darasa la sita, amesimama Isiolo kwenye jua la saa saba mchana, anahema, amebeba habari.

Habari ile niliifikisha. Mpaka leo sijui vizuri nilifikisha nini.

Muhula huo Mwalimu Kinoti alikuwa akitufundisha "if" ya Kiingereza. Alikuwa mtu wa Meru, wa kule juu kwenye baridi na majani chai, na alivaa sweta ya kijani hata siku ambazo mabati ya darasa yalikuwa yakilia kwa joto. Alichora masanduku matatu ubaoni, akapiga mistari kwa rula ndefu ya mbao, chaki ikawa inamwagika kwenye mikono ya sweta. "Wazungu wana if tatu," alisema. "Hili la kwanza ni la mambo yanayoweza kutokea. Mvua ikinyesha, nyasi zitaota. Hili la pili ni la ndoto. Kama ningekuwa ndege, ningeruka. Na hili la tatu..." Akaligonga sanduku la tatu kwa rula, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. "Hili mlango umefungwa. Yameshapita. Hapa unasema tu, huwezi kubadilisha."

Ndani ya sanduku hilo la tatu aliandika kwa Kiingereza kwamba kama mvua ingenyesha, ng'ombe wangeishi. Nusu yetu tulikuwa tumetoka kwenye nyumba ambazo ng'ombe hawakuishi. Mwalimu aliendelea kupangusa mikono, na sijui kama alijua alichoandika au alikuwa ametafuta tu mfano wa karibu.

Mimi nilielewa vibaya, na nilielewa vibaya kwa bidii. Nilifikiri kuandika ni kuweka. Nilifikiri jambo lako ukilitia katika sanduku la kwanza, linabaki hai, linaweza kutokea; likiteleza kidogo likaangukia la tatu, mlango unafungwa na hakuna wa kuufungua. Kwa hiyo Mwalimu alipotuambia twende nyumbani tukaandike sentensi tano kuhusu watu wa kwetu, nilishikwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Watu wa kwetu wakati huo walikuwa hasa mtu mmoja. Baba alikuwa Sericho, mbali mashariki, na ngamia wetu wote, akifuata majani. Wakati ule simu hazikushika huko. Habari zake zilikuja na malori ya mifugo, na kwa wiki nyingi hakuna lori lililokuja na kitu.

"Si uandike tu chochote?" Makena aliniambia. Tulikaa dawati moja. Baba yake alikuwa akiuza miraa karibu na steji, na Makena hakuwahi kuogopa zoezi lolote maishani. "Andika baba yako akirudi atakuletea ngamia mwenye nundu tatu. Mwalimu ataenda kwenu kuhesabu?"

"Na nikikosea sanduku?"

"Ukikosea utapata mkasi wa kalamu nyekundu. Kwani sanduku ni jeneza?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani nilimsomea Akko, nyanya yangu, aliyemzaa baba. Akko hakujua Kiingereza hata neno la maji, lakini alipenda kukisikia, alisema kinafanana na mtu anayetafuna karanga. Nilisoma, kisha nikamtafsiria: baba akirudi, atatuletea maziwa. Akko akaacha ususi wake.

"Akirudi?" alisema. "Akirudi tu, hivyo? Inshallah iko wapi?"

"Mwalimu hakutufundisha hiyo, Akko."

"Mtu yuko njiani, wewe unamsema uchi namna hiyo? Weka inshallah."

Nikaiweka, katikati ya Kiingereza, mara tano. Akatemea mate kidogo hewani juu ya kichwa changu, tuf, ile baraka ya wazee wetu, akaridhika. Halafu nikafanya kosa la kumweleza lile sanduku la tatu, kwamba kuna if ya mambo yaliyokwisha pita, kama mvua ingenyesha. Uso wake ukabadilika.

"Hiyo usiilete humu ndani," alisema. "Jana haiombewi. Anayekaa akisema laiti, laiti, anamfungulia Shetani mlango. Mwambie mwalimu wako."

Sikumwambia. Siku ya pili daftari lilirudi na inshallah zangu tano zimezungushiwa wino mwekundu. Mwalimu Kinoti aliniita mezani, akakuna shingo kwa kalamu. "Darmi, hii sijakataa kama ni maneno mazuri," alisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Lakini mtihani wa Kiingereza hauitaki. Toa, uandike upya, uniletee kesho." Nikarudi kwenye dawati langu bila kujua nimtii nani. Shule iliitaka ile if ya tatu, nyumbani ilikuwa ni ya Shetani. Nyumbani waliitaka inshallah, shule iliizungushia wino. Katikati yao alikuwa baba, peke yake, hajui kwamba anabishaniwa.

Sasa lazima niseme jinsi habari zinavyopokelewa kwetu, kwa sababu bila hiyo nitaonekana nilikuwa mtoto mpumbavu, na sidhani kama nilikuwa hivyo. Mtu akifika kutoka mbali haulizwi jambo. Anasalimiwa. Nagaa? Nagaa. Yaani amani? Amani. Watu je? Nagaa. Mifugo je? Nagaa. Njia, maji, majani, jirani? Nagaa, nagaa. Hata awe amebeba kifo mdomoni, atajibu nagaa mpaka salamu ziishe, kwa sababu huwezi kumfungulia mtu mlango kwa kilio. Kisha anapewa chai. Anakunywa. Na baada ya chai ndipo anapoanza, taratibu, kusema kilichomleta. Nusu ya kwanza ni ya kila mtu, hata majirani wanaopita husikia. Nusu ya pili ni ya wakubwa.

Kila mtu mzima wa kwetu analijua hilo kama anavyojua upande wa Kibla. Lakini mimi nani angeniambia? Chai ilipokuwa ikimiminwa, watoto tulitumwa nje. Kaniletee kuni, kaone mbuzi yuko wapi, kamwite fulani. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia nusu ya kwanza tu. Nilidhani ndiyo habari nzima. Nilidhani watu wa kwetu ni watu wa bahati, kila anayekuja ana amani.

Siku iliyofuata nilikuja nyumbani saa ya chakula cha mchana, na Mjomba Jarso alikuwa anaingia uani. Huyu ni kaka wa mama, aliyekuwa akichunga pamoja na baba. Vumbi lilikuwa limempaka nyusi zikawa nyekundu. Akko alisimama, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa magoti yake, akajifunga shuka vizuri.

"Nagaa?"

"Nagaa."

"Wenzako nagaa?"

"Nagaa."

"Mwanangu nagaa?"

"Nagaa, mama."

"Ngamia nagaa? Majani yako? Maji yako?"

"Nagaa. Yote nagaa."

Niliyaona mambo mawili ambayo sikuyatia maanani. Mjomba hakuweka fimbo yake ukutani kama kawaida ya mgeni anayekaa. Aliibana mkononi mpaka vidole vikapauka. Na hakuniwekea kiganja kichwani. Nilifikiri ana kiu. Akko aliinama kwenye jiko akaanza kupuliza moto, akapuliza sana, kuliko moto ulivyohitaji, na bila kugeuka akasema, "Darmi, kamwite mama yako. Mwambie kaka yake amefika."

Hayo ndiyo niliyotumwa. Kaka yake amefika. Maneno matatu. Mimi nikatoka na zaidi.

Nilikimbia nikapita msikitini, nikapita wauzaji wa miraa waliokaa chini ya miavuli na mafungu yao yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, Makena akapiga kelele kutoka kwa meza ya baba yake, "We Darmi, umeibiwa?" nami nikamjibu bila kusimama, "Baba mzima!" Nilitaka dunia yote ijue. Kila hatua nilikuwa nikimtoa baba kwenye hatari ya masanduku na kumweka mahali palipo salama.

Mama alifanya kazi na kina mama wengine kwenye kibanda cha maziwa karibu na steji. Pikapu zilikuwa zimeshafika kutoka kambi za ngamia, na mitungi ilipangwa kivulini kwa safu. Kazi ya mama ilikuwa kunusa. Alikuwa na pua iliyosifiwa mji mzima: alifungua kifuniko, akavuta pumzi mara moja, akasema hii iende Nairobi, au hii imeanza kuchacha, ibaki hapa. Nilimkuta ameinamia mtungi.

"Mama! Mjomba Jarso amekuja! Baba ni mzima! Nagaa! Ngamia nagaa, majani yako, maji yako, wote nagaa!"

Hakuinua kichwa mara moja. Alibaki na pua juu ya mdomo wa mtungi. Kisha akaniuliza jambo ambalo niliona ni la ajabu.

"Chai ameshakunywa?"

"Bado. Akko ndio kwanza anawasha moto."

Nakumbuka nzi aliyetembea kwenye kifuniko, akazunguka mara mbili. Halafu mama akacheka. Alikuwa hajacheka kwa wiki nyingi, na kicheko kilitoka kimekwaruza kidogo, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Haya," akasema. "Basi nimalize mitungi yangu."

"Uuu, mwoneni Mama Darmi!" Mama Zeinabu akapaza sauti kutoka upande wa pili, na wenzake wakadakia. "Mzee karibu anarudi! Leo usinuse maziwa, nenda kanuse uvumba wa unsi, ufukize nyumba!"

"Nunua nyama, mama, usimpikie kaka yako maharage!"

"Nitanunua," mama akasema, bado anacheka. "Nitanunua ya mbavu." Akaufuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniambia nirudi shule nisichelewe. Nilipogeuka kwenye kona kumwangalia, alikuwa ameinamia mtungi mwingine, amefumba macho, anavuta pumzi ndefu kuliko kawaida.

Alasiri hiyo niliandika sentensi zangu upya darasani, bila inshallah. Niliona hazihitajiki tena, jambo lilikuwa limekwisha jibiwa. Baba akirudi, atanipa fimbo ndogo. Baba akirudi, mama atacheka. Zote tano kwenye sanduku la kwanza. Mwalimu Kinoti akazipiga tiki na kuandika pembeni kwamba ni kazi nzuri.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama alikuwa amekaa chini, uani, mgongo kwenye ukuta wa choo mahali ambapo mtu hakai. Mapajani alikuwa na furushi la nyama kwenye gazeti, na damu ilikuwa imepenya gazeti ikaingia kwenye deraa lake, na hakuna aliyeliondoa. Akko alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka. Mjomba Jarso aliingia nyuma yangu kutoka barabarani, anatweta.

"Limekwenda," alisema. "Nimeshika mlango wa lori mpaka likaanza kunivuta. Nimemwambia dereva subiri, dada yangu anakuja, anakuja sasa hivi. Amesubiri, wallahi amesubiri, lakini abiria wamemzomea. Dawa nimempa, atazifikisha. Sisi tumebaki."

Hivyo ndivyo nilivyoipata nusu ya pili, vipande vipande, nimesimama na mkoba wa shule mgongoni. Ngamia jike aliyekuwa na ndama mchanga alimpiga baba teke la kifua. Alikuwa amelala kwenye zahanati ya Sericho, anapumua kwa shida, hawezi kubebwa kwenye barabara ile. Alikuwa anamtaka mama. Mjomba alikuja na lori lililoleta mbuzi sokoni, lililokuwa lipakie unga na sukari na kurudi siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Walikuwa wamemngoja mama tangu chai ilipoisha. Akko alikuwa akisema kila dakika, mtoto amekwenda kumwita, sasa hivi wataingia. Mjomba alipoondoka mwishowe kumfuata kibandani, mama alikuwa ameshatoka, yuko upande wa bucha, kwenye foleni, anachagua mbavu.

Hakuna aliyeniangalia. Hakuna aliyeniuliza, ulimwambia nini? Ningalifurahi kama mtu angaliniuliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatoa daftari, nikaangalia tiki tano nyekundu. Sikuelewa jinsi kitu kinavyoweza kuwa sahihi na kuwa hivi.

Gari lilipatikana siku ya tatu: pikapu ya miraa hadi Garba Tula, kisha kutoka hapo gari la maji. Mama na Mjomba walifika Sericho asubuhi. Baba alikuwa amezikwa jana yake. Waliokuwa naye walisema aliendelea kuuliza kama lori limefika, na lori lilipofika, aliuliza nani ameshuka.

Mama alirudi na fimbo ya baba na blanketi lake, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakwenda kibandani. Mitungi yetu ilikaa midomo wazi kwenye kona, ikanuka moshi mzee, ambao ni tofauti na moshi mpya. Moshi mzee unanuka kama nyumba ambayo watu wamehama.

Nami nikarudi shule na kukuta darasa limefika kwenye sanduku la tatu. Sentensi tano, alisema Mwalimu Kinoti, kila mtu zake. Wenzangu waliuma kalamu. Mimi sikuuma. Kama ningesubiri chai. Kama ningesema maneno matatu tu niliyotumwa. Kama nisingemfanya mama acheke. Kama ningemwangalia Mjomba mikono. Kama ningekimbia polepole, lori lingekuwa bado lipo. Hii ya mwisho haikuwa hata na maana, lakini niliiandika, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba kila kitu nilichofanya siku ile kilionekana ndicho. Niliandika kwa Kiingereza, upesi, bila kufuta. Nyumbani yasingesemeka. Nilijiambia kwamba pengine Shetani naye, kama Akko, hajui Kiingereza.

Zote tano zilikuwa sahihi. Makena akachungulia. "Umepata zote? Wewe? Hata mimi nimepata mbili tu!" Halafu akazisoma, akasogea pole pole mpaka bega lake likagusa langu.

Kengele ilipolia Mwalimu Kinoti akaniambia nibaki. Alikuwa na daftari langu mkononi. Sweta yake ilinuka chaki na moshi wa kuni za Meru, ambao pia si moshi wetu.

"Darmi," alisema, "hizi umezitunga?"

"Nimeandika, mwalimu."

"Nauliza kama umezitunga."

Nikamuuliza lililokuwa linanisumbua. "Mwalimu, ni sahihi?"

"Kiingereza ni sahihi."

"Sijauliza Kiingereza."

Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakamfika kidevuni. "Hiyo nyingine mimi sijui kusahihisha," alisema hatimaye. Akachukua kifutio, akasimama, akafuta ubao wote, masanduku yote matatu, ingawa tulikuwa hatujamaliza kunakili.

Nilikua na hizo sentensi tano. Sikuwahi kuzitamka. Nilikwenda sekondari nazo, nikaja Nairobi nazo, nikawa mtu ambaye kazi yake ni kukaa mezani na kuwaza mambo ambayo hayakutokea, na watu wakaniuliza nilianzaje nikawajibu uongo mzuri. Akko alifariki. Simu ikafika Sericho. Mjomba Jarso siku hizi hutuma salamu kwa ujumbe, nagaa moja tu, na papo hapo sentensi ya pili ndiyo habari yenyewe, mtu hata hajaweka maji ya chai.

Mwaka jana nilikwenda Isiolo kumwona mama. Bado ananusa, ingawa sasa wasichana ndio wanaobeba mitungi. Mchana mmoja tulikuwa uani, anafukiza mitungi ya kesho. Anachoma vijiti, anavitia ndani vikiwa na moto, anafunga kifuniko, anatikisa, anasikiliza. Moshi ukinizunguka nikasikia mdomo wangu unasema.

"Mama, siku ile Mjomba alipokuja."

"Siku gani?"

"Ya nyama."

Akaendelea kutikisa.

"Mimi ndiye niliyekuja kukuambia baba ni mzima. Akko hakunituma hivyo. Kama ningenyamaza, kama ningesema tu..."

"Nani alikuambia nilikuamini?"

Nikamtazama. Aliweka mtungi chini, akaufungua, moshi ukatoka mwembamba, akaunusa, akafunga.

"Darmi, mimi sijaokotwa. Nimezaliwa na watu hawa hawa. Mtu ametoka Sericho, hana ngamia wa kuuza, hajanywa chai, anasema nagaa. Hiyo ni habari? Hiyo ni salamu. Nilikuuliza chai ameshakunywa?"

"Uliniuliza."

"Ukasema bado. Basi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua kitu. Nilijua kwamba sijui." Alichukua mtungi mwingine, akautazama ndani kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. "Magoti yalijua. Nikasema, nimebakiza mitungi kumi na mmoja. Wacha niinuse. Kila nikiinama nilikuwa nasema, bado hajanywa, mume wangu mzima. Halafu nikasema wacha ninunue nyama. Bucha palikuwa na foleni na mimi nilifurahi kwamba kuna foleni. Lori sikujua. Hakuna aliyeniambia kuna lori linangoja. Ningejua lori..."

Hakumaliza. Alikuwa amefika kwenye mlango wa lile sanduku, nikamwona anausimamia.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii."

"Wewe mbona hukuniambia?"

Nilingoja kuona kama mzigo utanishuka, kama inavyosemekana. Haukushuka. Nilichanganyikiwa tu upya, kwa namna ya mtu mzima. Nilikuwa nimeishi na kosa langu mpaka likawa mali yangu, na sasa mama ananiambia alikuwa na lake, chini ya paa hilo hilo, na kwamba kicheko kile ambacho nilijilaumu kwa kukileta, alikichagua.

"Akko naye," mama akasema, anawasha kijiti kingine. "Alisema mara moja tu. Laiti nisingemtuma mtoto. Alikutuma kabla ya chai ili usisikie, hakutaka usikie hayo kutoka kwa Jarso. Aliposema hivyo akaenda akasukutua mdomo kwa maji, mara tatu."

Hayo ndiyo yaliyonirudia Eastleigh, mbele ya mtungi wa mtu mwingine, muuzaji akinisubiri nimpe chupa. Nilimpa. Nikabonyeza jina la mama. Iliita muda mrefu, kisha nikasikia kelele za steji, pikipiki, mtu anaita abiria wa Meru.

"Nagaa?" nikasema.

"Nagaa."

"Wewe nagaa? Mjomba nagaa?"

"Nagaa. Wote nagaa."

"Mvua?"

"Nagaa."

Salamu zikaisha. Muuzaji alikuwa akifunga chupa yangu. Upande wa pili nilimsikia mama anavuta pumzi, kwa hiyo alikuwa ameinamia mtungi.

"Mama," nikasema, "chai umeshakunywa?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kukwaruza.

"Nimekunywa, mama yangu. Zamani. Kikombe nimeshakiosha. Leo ni hiyo nagaa tu, haina nusu nyingine."